Asumini zangu zimezama kwenye foronya

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Binti wa kaka yangu anaolewa baada ya mwezi wa Ramadhani, na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, nilijitwika kazi ya kumdarizia kitanda chake cha harusi: shuka moja na foronya nne. Hakuna aliyenituma. Marehemu mama yangu alikuwa akidarizi foronya za nyumba nzima, na niliona haiwezekani mtoto wetu atandikiwe shuka la dukani lenye maua ya mashine wakati shangazi yake ana mikono miwili.

Ua nimelichora mwenyewe. Kuna waridi moja kubwa katikati, mawili madogo ubavuni, asumini zimetawanyika kama zilivyomwagwa kitandani, na maua mawili ya langilangi yananing'inia pembeni. Majani yanajazia palipobaki. Kitambaa ni pamba nyeupe. Nilikwenda dukani nikanunua nyuzi za rangi 14, kwa sababu kila nilichokiona nilikipenda.

Foronya ya kwanza imenichukua wiki 3. Ukiishika mkononi ukatazama ua mojamoja, utanisifu. Lakini ukiivisha mto, ukarudi nyuma hatua tatu, huoni maua, unaona madoa. Asumini ndiyo hazipo kabisa, weupe umeliwa na weupe. Waridi nimelijaza kwa uzi mwekundu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, limekuwa kama nyanya. Majani nimeyatilia kijani cha aina nne, na hakuna hata kimoja kinachosalimiana na mwenzake. Wifi yangu alikuja kuiona. Alinyamaza kitambo, halafu akaniuliza, "Wifi, mbona kama jezi?"

Sikulala usiku ule.

Kuhusu mishono, karibu kila kitu nimekijaza kwa ule wa kulaza nyuzi zikiwa zimebanana, ambao wengine wanauita sateni. Kwenye petali kubwa za waridi kitambaa kimejikunja, na nyuzi nyingine zimeanza kulegea. Shuleni tulifundishwa pia mnyororo, shina, blanketi na msalaba, ila sikumbuki tuliambiwa ipi iende wapi. Na kuna jambo lingine linanitia hofu. Nilipolowesha kidogo kufuta alama ya karatasi ya kaboni niliyochorea, uzi mwekundu ukaacha wekundu kwenye kitambaa.

Je, nifumue nianze upya? Ninunue rangi nyingine? Kaka naye anataka majina ya maharusi yaandikwe kwenye foronya. Zimebaki wiki 9.

Shangazi wa Bibi Harusi, Tanga


Marahaba, mwanangu. Shangazi kaja kwa shangazi, karibu jamvini.

Tuanze na hesabu kabla ya rangi, maana hesabu ndiyo itakayokuaibisha. Foronya moja imekula wiki 3. Zimebaki tatu, hizo ni wiki 9 kamili, na shuka bado hujaligusa. Kwa mwendo huo bibi harusi atalalia godoro tupu. Kwa hiyo, punguza kazi leo hii, kabla hujatia uzi kwenye sindano. Foronya mbili zipate mchoro mzima wa maua. Mbili nyingine zipate kitawi kimoja tu pembeni, chenye jani, asumini tatu na waridi dogo, ambacho kwa mkono wako ni kazi ya siku tatu au nne. Shuka usilidarizi lote. Darizi ule upande wa kichwani unaokunjwa juu, mstari wa upana wa kiganja, kwa sababu hapo ndipo macho yatakapotua. Kwingine kutafunikwa.

Na uyasogeze maua kwenye ukingo wa foronya, siyo katikati. Waridi lililoinuka katikati ya mto litamchora bibi harusi shavuni usiku kucha.

Sasa turudi kwenye jezi. Wifi yako kakuumiza, lakini jicho analo. Nataka uone alichokiona yeye. Chukua simu, piga foronya hiyo picha ukiwa umbali wa hatua tatu, kisha ibadilishe picha iwe nyeusi na nyeupe. Nitakwambia utakachokuta kabla hujakiona: waridi lako jekundu na majani yako ya kijani yametoka kijivu kilekile. Nyekundu ya kawaida na kijani cha kawaida kwa macho ya karibu ni maadui, ila kwa kukolea kwao ni mapacha. Jicho likiwa mbali halisomi majina ya rangi, linasoma palipo na giza na palipo na mwanga. Ukikosa tofauti hiyo, hata ukinunua rangi mia utapata madoa mia.

Fikiria kisutu. Kanga hiyo ndiyo ya harusi toka enzi za bibi zetu, na ina nyekundu, nyeusi na nyeupe tu. Ukimwona mtu amejitanda kisutu mwisho wa mtaa, unaijua ni kisutu kabla hujamjua aliyeivaa. Rangi tatu tu, ila moja ni giza, moja ni mwanga, moja iko katikati, na kila moja inaijua nafasi yake. Wewe ulinunua 14 na zote zimesimama katikati zikigombania kiti kimoja.

Basi badala ya hizo 14 tutumie 8. Na usianze kuchagua kwenye waridi, ingawa najua roho yako iko huko. Anza na kijani. Kwenye mchoro wa maua majani ndiyo yanayomeza nafasi kubwa, na kijani kibaya kitaua waridi hata liwe zuri namna gani. Kosa la wengi ni kuchukua kijani kikali, kile cha beseni la plastiki, halafu wanashangaa kwa nini ua linapiga kelele. Fanya hivi: chuma jani la mwasumini, liweke mfukoni, nenda nalo dukani. Juu lina kijani kizito, karibu na giza. Chini limepauka kidogo. Hizo ndizo kijani zako mbili, moja iliyokolea sana na moja kama jani changa la mgomba. Usinunue ya tatu. Uzi wa kudarizi wa pamba una nyuzi 6 nyembamba ndani yake, na unaweza kuchomoa mmoja wa kijani kizito na mmoja wa kijani changa, ukavitia vyote viwili kwenye tundu moja la sindano. Ukishashona, jicho linavichanganya lenyewe na unapata kijani cha katikati ambacho hukukilipia.

Uzi usiuchague ndani ya duka chini ya taa. Muombe muuzaji utoke nao hadi mlangoni, uulaze juu ya kipande cha kitambaa chako hasa, siyo juu ya kaunta. Na ujue kwamba kitita kizima cha uzi hudanganya. Kikiwa kimefungwa kinaonekana kimekolea. Nyuzi mbili zikilala juu ya pamba nyeupe, rangi inapungua nguvu. Ukisita kati ya mbili, chukua iliyokolea zaidi. Halafu chunguza namba kwenye karatasi ya kitita na uziandike mahali, kwa sababu uzi ukiisha katikati ya petali, "nyekundu ileile" ya kukisia kwa macho haitakuwa ileile. Kwa shuka na foronya, nyuzi za rangi unazozitumia sana nunua zote siku moja. Hata namba ikiwa sawa, uzi uliotiwa rangi siku nyingine kiwandani unaweza kupishana kidogo na wa kwanza.

Kwa waridi nataka nyekundu tatu: damu ya mzee, nyekundu yenyewe, na pinki iliyokolea. Angalia zisifuatane kwa karibu mno. Ubao wa rangi dukani umepangwa kwa hatua ndogondogo, na ukichukua tatu zilizopakana zinapendeza pale dukani, lakini kwenye mto zinakuwa rangi moja. Ruka moja kati ya kila mbili. Damu ya mzee ndiyo itakayokaa ndani, kwenye kifua cha ua ambako mwanga haufiki, pinki itakaa ukingoni mwa petali. Ukipiga ile picha nyeusi na nyeupe tena, waridi litakuwa na tumbo na mgongo, siyo nyanya.

Zimebaki tatu. Nyeupe, njano ya ndimu, na rangi moja ambayo najua hukuinunua kwa sababu dukani haina mvuto hata kidogo, nayo ni kijani-kijivu hafifu, kama vumbi lililotua juu ya jani. Hiyo ndiyo itakayokuokolea asumini.

Huko kwenye asumini nataka tukae kidogo, maana ndiyo shida yenyewe na ndiyo iliyonifanya nichague barua yako kati ya nyingine.

Umewahi kuishika kofia ya vito, ile nyeupe iliyodariziwa kwa uzi mweupe? Kitambaa cheupe, uzi mweupe, na bado nakshi yote unaisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Aliyeidarizi hakutegemea rangi, alitegemea kivuli. Vitobo vinaingia ndani, mishono inayovizunguka inainuka juu, na mwanga unafanya kazi iliyobaki. Asumini zako zimezama kwa sababu umezilaza bapa. Ziinue. Kabla ya kujaza petali, shona ndani yake mishono michache midogo ya kwenda urefu wa petali, nyuzi mbili, bila kujali sura yake. Hilo ni godoro. Kisha jaza juu yake kwa sateni ukikata upana wa petali, yaani nyuzi za juu zipishane na za godoro. Petali itavimba kama punje ya mchele uliopikwa, na upande wake mmoja utakuwa na kivuli chake wenyewe.

Hilo la kwanza. La pili, asumini isikae peke yake uwanjani. Isogeze iegemee jani. Katika mchoro wako umezimwaga asumini kwenye weupe mtupu kwa sababu kitandani ndivyo zinavyomwagwa, nakuelewa, lakini kitandani zina harufu ya kuzitangaza, kwenye foronya hazina. Petali mbili tatu zikipita juu ya jani la kijani kizito, ua zima linaonekana, hata zile petali nyingine zilizobaki kwenye weupe. Jicho likishashika nusu, linajimalizia.

Na la tatu ndilo la ule uzi wa vumbi. Chukua uzi mmoja tu kati ya zile 6, pitisha mshono wa kurudi nyuma upande mmoja wa kila petali, ule wa chini kulia, kana kwamba jua linatoka juu kushoto. Upande mmoja tu! Ukilizungushia ua mstari pande zote litakuwa mchoro wa daftari la chekechea. Katikati weka nukta ya njano, fundo moja la uzi uliozungushwa kwenye sindano mara mbili, basi. Machipukizi yasiyofunguka yafanye kwa mshono mmoja mnene mweupe, na chini yake vijishono viwili vya kijani changa kama kikombe. Tawanya machipukizi hayo kwa wingi kuliko maua yaliyofunguka, yanafanywa haraka.

Sasa mishono, na hapa nitakwambia jambo ambalo mimi nililijua baada ya miaka mingi ya kununua nyuzi nisizozihitaji: mshono wenyewe nao ni rangi. Uzi wa kudarizi unang'aa. Mwanga ukiupiga ubavuni unameta, ukiupiga kwa kuufuata urefu wake unazima. Jaribu kwenye kitambaa chakavu. Darizi viraba viwili kwa uzi uleule, kimoja nyuzi zisimame, kingine nyuzi zilale, kisha kiinamishe kitambaa dirishani. Utaapa ni rangi mbili. Wewe umejaza foronya nzima kwa sateni inayoelekea upande mmoja, waridi na jani na shina vyote vinameta pamoja na kuzima pamoja. Nusu ya ujezi wa foronya yako umetoka hapo, siyo kwenye rangi.

Jani lidarizi kama mifupa ya samaki. Anza nchani kwa mshono mmoja mfupi ulionyooka. Kisha toa sindano ukingo wa kushoto, ishushe katikati ukivuka kidogo ule mstari wa uti. Toa ukingo wa kulia, shusha katikati ukivuka upande wa pili. Endelea hivyo hadi kikonyoni. Nusu moja ya jani itaangalia huku, nusu nyingine kule, na kwa uzi mmoja utapata jani lenye upande wa jua na upande wa kivuli. Majani yaliyo nyuma ya waridi yapate kijani kizito, yanayojitokeza pembeni yapate mchanganyiko, na vile vijani vidogo vya mwishoni kijani changa.

Shina, mshono wa shina, nyuzi tatu. Sharti moja tu: uzi ukae upande uleule wa sindano tangu mwanzo hadi mwisho, usiurushe mara juu mara chini, na kwenye kona fupisha mishono. Ukifanya mirefu kwenye kona, shina linavunjika kama bua.

Waridi kubwa lisijazwe kwa sateni. Sateni ni mshono wa petali nyembamba. Uzi ukivuka zaidi ya sentimita moja hivi bila kushikwa, unalegea, unanaswa na pete, unanaswa na kucha, na foronya ni kitu cha kufuliwa. Ndiyo maana petali zako zimejikunja na nyuzi zimeanza kuning'inia. Tumia mshono wa mrefu na mfupi. Mstari wa kwanza ukingoni mwa petali, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mrefu, kwa pinki. Mstari wa pili, nyekundu, uingize ncha zake ndani ya zile za kwanza, hata kwa kuuchoma uzi wenyewe katikati. Wa tatu damu ya mzee, ukielekea kwenye kitovu cha ua. Nyuzi zote zielekee kitovuni kama maji yanavyoelekea shimoni. Mistari isiwe sawasawa. Ukiiona imenyooka kama ngazi, umekosea, ivuruge. Nyuzi mbili kwenye sindano zinatosha, na kwenye waridi hili usiharakishe.

Yale mawaridi mawili madogo, kinyume chake, ni ya kupumzikia. Tandaza miguu mitano ya uzi kutoka kitovuni, kama miale. Lazima iwe mitano au saba. Ikiwa minne au sita, uzi wako utapita juu ya miguu ileile kila mzunguko na hutasuka kitu. Kisha pitisha uzi juu ya mmoja, chini ya mwingine, ukizunguka bila kuchoma kitambaa, ukitanguliza tundu la sindano badala ya ncha ili usichome miguu. Anza na damu ya mzee, badili kuwa nyekundu, malizia pinki. Tumia nyuzi zote 6 hapa. Usivute sana, acha zijazane. Robo saa una waridi, na kila mtu atadhani limekutoa jasho.

Langilangi ulilichora vizuri? Wengi wanalichora kama yungiyungi. Ua lile lina petali 6 nyembamba ndefu, zinaning'inia zikijikunjakunja, haziko wima hata moja. Likiwa changa ni la kijani, njano huja likikomaa. Basi hapo hapo unajua la kufanya: kwenye kikonyo tia uzi mmoja wa kijani changa na mmoja wa njano katika sindano moja, ukishuka kuelekea nchani baki na njano mbili. Kila petali ijaze kwa mistari miwili mitatu ya mshono wa shina iliyobanana, ukifuata mkunjo. Sateni haiwezi kujikunja vile. Ndani, pale petali zinapoungana, weka vijishono viwili vya damu ya mzee. Ua lenyewe lina doa la wekundu mzito hapo, na hiyo nukta itaipeleka rangi ya waridi upande wa pili wa foronya ili isikae sehemu moja tu.

Majina ya maharusi: mshono wa mnyororo, damu ya mzee, nyuzi mbili, herufi zisizidi urefu wa kidole gumba. Na uyadarizi mwishoni kabisa. Nimeona mengi.

Sasa huo wekundu uliotoka. Usiupuuze, mwanangu. Mimi niliwahi kumpelekea mama mkwe kitambaa cha meza chenye mawaridi mekundu. Kilirudi kutoka kamba ya nguo kikiwa chote pinki, na nilihesabu mwaka mzima kabla hajanikumbusha kwa mara ya mwisho. Kata kipande cha kila uzi uliokolea, damu ya mzee na nyekundu kwanza, kisha kijani kizito. Kiloweshe maji ya moto, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, ukandamize na pasi. Kikiacha alama, uloweshe uzi wote kabla ya kushona, kwa maji ya baridi, ukibadilisha maji mpaka yatoke meupe, kisha uuanike kivulini. Watu watakwambia utie chumvi au siki ili rangi ishike. Kwa nyuzi za siku hizi usiwekee hilo imani yako. Maji mengi ndiyo yanayoondoa rangi iliyozidi. Uzi ukiendelea kuchuja baada ya maji ya tano au sita, uache, tafuta wa aina nyingine.

Lile doa lililokwisha kutoka, usilipige pasi. Joto litaligandisha. Loweka foronya kwenye beseni la maji mengi yenye sabuni kidogo, usiku kucha ikibidi, na usiiruhusu ikauke mpaka wekundu uondoke.

Kitambaa kwa ajili ya foronya zilizobaki na shuka kifue sasa, kabla ya kuchora. Pamba hurudi. Ikirudi baada ya kudariziwa, uzi hautarudi nayo, na utapata mikunjo hata kama mshono wako hauna kosa. Kwenye fremu ya kudarizia kaza kitambaa mpaka ukikigonga kilie, na ukimaliza kazi ya siku kitoe, kisilale humo. Uzi ukate urefu wa dhiraa moja, kiwiko hadi ncha za vidole. Najua inakera kutia uzi kila mara, lakini uzi mrefu unaopita kitambaani mara mia unachakaa na kupoteza kile king'aro nilichokwambia ndicho rangi yenyewe. Na nyuzi zichomoe mojamoja ndipo uziunganishe. Ukizichomoa mbili pamoja zinajisokota.

Kufumua? Usifumue yote. Fumua waridi kubwa peke yake, kwa kukata nyuzi upande wa nyuma kwa mkasi mdogo na kuvuta mbele kwa kibanio, taratibu. Asumini ziongezee majani nyuma yake na ule mstari wa vumbi. Yale majani ya kijani kikali yapitishie uti wa kijani kizito katikati, yatatulia kidogo. Haitakuwa foronya bora kati ya zote, lakini itakaa upande wa ukutani na hakuna atakayejua ila wewe na mimi.

Anza na kile kitawi kidogo cha pembeni, siyo mchoro mzima, ili mkono ujifunze mishono mipya mahali pasipo na hatari. Na wifi yako usimkwepe. Kila ukimaliza ua moja, mkaribishe chai, utungike foronya ukutani, umwambie asimame mlangoni na kukodoa macho nusu kama anayetazama jua. Usimuulize kama ni zuri. Muulize anaona nini. Akisema "waridi", tia uzi mwingine uendelee.

Shangazi